Carl Maria von Weber na Mwindaji wa Risasi Saba

Tangu zamani wazee wa Usukuma na Unyamwezi wamekuwa na desturi ya kuwasha moto uwanjani wakati wa jioni, na moto huo Wasukuma huuita shikome. Hapo vijana hukaa wakasikiliza habari za kale: habari za wawindaji hodari, za pepo wa porini, na za watu waliotaka kupata mambo kwa njia ya mkato wakaangamia. Wako watu wadhanio kwamba hadithi za namna hii ni za Waafrika tu, tena kwamba ni upuuzi usiostahili kuandikwa. Sivyo hata kidogo. Watu wa Ulaya nao walikuwa na moto wao wa jioni wakati wa baridi, na wazee wao walisimulia habari zilizofanana sana na zetu.

Katika somo hili tutasoma maisha ya mtu mmoja wa Ujerumani, nchi ambayo babu zetu waliita Udachi. Mtu huyu alichukua hadithi moja ya wawindaji wa kwao, akaitungia nyimbo, na kwa nyimbo hizo jina lake likaenea duniani. Alikuwa kiwete, alikuwa mgonjwa, na kwa muda mrefu alikuwa maskini. Alikufa mwaka 1826, miaka karibu 60 kabla ya Wadachi kufika kuitawala Tanganyika.

Lakini kwanza yatupasa kujua maana ya neno opera. Opera ni mchezo wa kuigiza mbele ya watu, ambao wachezaji huimba maneno yao, au mara huyasema na mara huyaimba. Mbele yao, mahali palipo chini kidogo, hukaa kundi kubwa la wapigaji wa mazeze, zumari, baragumu na ngoma. Kiongozi mmoja huwaongoza wote pamoja. Ngoma zetu nazo zina manju, atungaye nyimbo na kuwaongoza wachezaji. Basi mtunzi wa opera ni kama manju, ila yeye huandika katika karatasi kila sauti ya kila mpigaji, hata watu wasiomjua waweze kuupiga wimbo uleule baada ya yeye kufa.

1. Mtoto wa safarini

Carl Maria von Weber alizaliwa mwezi wa Novemba, mwaka 1786, katika mji mdogo wa Eutin, upande wa kaskazini wa Ujerumani. Siku zile Ujerumani haikuwa nchi moja chini ya serikali moja. Ilikuwa imegawanyika vipande vingi, kila kipande na mfalme wake au mtawala wake, kama vile Unyamwezi ulivyokuwa na watemi wengi, kila mtemi na nchi yake.

Baba yake, jina lake Franz Anton, alikuwa mpigaji wa muziki, tena mwenye kundi la wachezaji waliosafiri kutoka mji hata mji. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mipango mingi, lakini fedha haikukaa mkononi mwake. Mama yake, Genovefa, alikuwa mwimbaji. Mtunzi mashuhuri aitwaye Mozart alikuwa amemwoa binti wa ndugu yake Franz Anton. Mozart huyo alipokuwa mtoto mdogo aliwastaajabisha wafalme kwa kupiga kinanda. Basi Franz Anton alitamani sana naye apate mwana wa ajabu kama yule.

Lakini mtoto aliyempata alikuwa na ugonjwa wa nyonga tangu kuzaliwa. Hakuweza kutembea mpaka alipopata umri wa miaka minne, na tangu hapo alichechemea siku zote za maisha yake. Watoto wenzake walipokimbia na kucheza, yeye alikaa nyuma ya mapazia ya nyumba za michezo. Aliwatazama watu wa kawaida wakivaa nguo za kifalme na kuwa wafalme, akaona jinsi msitu uliochorwa kwa rangi unavyosimamishwa kwa kamba, na jinsi ngurumo inavyofanywa kwa bati. Hayo yalikuwa shule yake ya kwanza, na hakuyasahau.

Kwa sababu ya kuhamahama, mtoto alibadili walimu mara nyingi. Mwaka 1796, katika mji wa Hildburghausen, alimpata mwalimu mmoja aitwaye Heuschkel, aliyemfundisha piano kwa taratibu na kwa ukali wa haki. Weber alimshukuru mwalimu huyo maisha yake yote, kwa maana ndiye aliyeiweka mikono yake katika njia iliyonyoka. Baadaye wakaenda Salzburg, na huko alifundishwa na Michael Haydn, ndugu wa mtunzi mkuu Joseph Haydn. Lakini huko Salzburg, mwaka 1798, mama yake alikufa kwa kifua kikuu. Carl alikuwa na miaka 11 tu. Ugonjwa huohuo ndio uliokuja kumfuata yeye mwenyewe baadaye.

Hata hivyo hakuacha kazi. Mwezi wa Novemba mwaka 1800, alipokuwa ametimiza miaka 14, opera yake ya msichana wa msituni ilichezwa mbele ya watu katika mji wa Freiberg. Watu wengine waliisifu na wengine waliicheka, wakasema mtoto amejitwika mzigo mkubwa kuliko mabega yake.

2. Kijana apotea njia

Mwaka 1803 Weber alikwenda Vienna kujifunza kwa mwalimu mashuhuri, Padre Vogler. Mwalimu huyo aliona akili ya kijana, akamsifu kwa wakubwa wa mji wa Breslau waliokuwa wakitafuta msimamizi wa muziki katika nyumba yao ya michezo. Kwa hiyo mwaka 1804, akiwa na umri wa miaka 17, Weber alipewa kazi ya kuwaongoza watu waliokuwa na umri wa baba zake.

Alitaka kutengeneza mambo yote upesi. Aliwaondoa waimbaji wazee waliochoka, akaongeza saa za mazoezi, akabadili mahali pa kukaa wapigaji. Mengi ya hayo yalikuwa mema, lakini aliyafanya kwa haraka ya ujana, na watu wengi wakanung'unika. Kisha mwaka 1806 likampata jambo la hatari. Baba yake alikuwa ameweka tindikali, maji makali ya kuchoma madini, ndani ya chupa ya mvinyo. Jioni moja Weber, akidhani ni mvinyo, aliinywa. Rafiki yake aliyekuja kumtembelea alimkuta amelala chini kama maiti. Alipona baada ya majuma mengi, lakini sauti yake nzuri ya kuimba ilikwisha kuharibika, na hakuipata tena. Aliporudi kazini aliona mambo yote aliyoyatengeneza yamerudishwa kama yalivyokuwa zamani. Basi akaacha kazi.

Mwaka 1807 alikwenda Stuttgart, akawa karani wa ndugu wa mfalme wa Württemberg. Huo ndio wakati mbaya wa maisha yake. Bwana wake alikuwa mwenye kutapanya mali, na kazi ya Weber ilikuwa kwenda kwa mfalme kuomba fedha na kupokea matusi kwa niaba ya bwana wake. Akakaa pamoja na vijana wa anasa, akavaa mavazi asiyoweza kuyalipa, akakopa huku na huku. Mfalme alimchukia, naye alimlipa mfalme kwa mzaha. Siku moja mama mmoja alipouliza alipo mfuaji wa nguo katika nyumba ya mfalme, Weber alimwonyesha mlango wa chumba cha mfalme mwenyewe. Kwa mzaha huo alitiwa kifungoni kwa muda mfupi.

Mwezi wa Februari mwaka 1810, askari walimkamata alipokuwa katika mazoezi ya opera yake. Palikuwa na mashtaka ya fedha, na mengine yaliletwa na ujanja wa watu wengine waliolitumia jina lake. Baba yake pia alikuwa ametumia fedha isiyokuwa yake. Baada ya kuchunguzwa alionekana hana hatia katika mashtaka makubwa, lakini madeni yalikuwa madeni yake kweli. Mfalme akaamuru yeye na baba yake, mzee mwenye miaka zaidi ya 70, wafukuzwe nchini wasirudi tena.

Siku ileile ya kufukuzwa, tarehe 26 Februari 1810, Weber alianza kuandika daftari ya kila siku. Humo aliandika kazi aliyoifanya, barua alizozipokea, na kila senti iliyoingia na iliyotoka. Aliendelea na daftari hiyo mpaka siku za mwisho za maisha yake. Madeni ya Stuttgart alianza kuyalipa kidogo kidogo kwa jasho lake. Wengi hujuta siku moja, na kesho yake wakasahau. Yeye aliandika majuto yake kwa hesabu.

3. Kazi na ndoa

Mwaka huohuo wa 1810 opera yake iitwayo Silvana ilichezwa mara ya kwanza katika mji wa Frankfurt. Siku hiyo mwanamke mmoja Mfaransa alikuwa akipaa angani kwa puto kubwa, na watu wengi wa mji walikwenda kulitazama puto, wakaacha viti vya nyumba ya michezo vitupu. Lakini mwimbaji aliyecheza kama Silvana alikuwa msichana aitwaye Caroline Brandt. Weber hakujua siku ile kwamba ndiye atakayekuwa mke wake.

Mwaka 1811, katika mji wa Munich, ilichezwa opera yake fupi iitwayo Abu Hassan. Habari yake imetoka katika Alfu Lela U Lela, kitabu cha hadithi ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili wanakifahamu. Abu Hassan ameandamwa na wadai, basi yeye na mkewe wanafanya hila: kila mmoja anajifanya amekufa, ili mwingine apewe fedha ya mazishi na Khalifa na mke wa Khalifa. Wimbo alioutunga kwanza katika opera hiyo ulikuwa wimbo wa wadai wakidai fedha zao. Watu walicheka sana, lakini Weber alijua vizuri zaidi kuliko wao jinsi sauti za wadai zinavyosikika mlangoni.

Tangu 1813 mpaka 1816 alikuwa msimamizi wa opera katika mji wa Prague. Baadhi ya wapigaji hawakumpenda, wakawa wakisemezana mbele yake kwa lugha yao ya Kicheki, wakijua kwamba haielewi. Weber hakuwagombeza. Alijifunza Kicheki kimya kimya mpaka akakielewa, na tangu siku hiyo mashauri ya siri yakakoma. Kisha mwaka 1817 mfalme wa Saxony alimwita Dresden awe msimamizi wa opera ya Kijerumani.

Kazi ya Dresden haikuwa nyepesi. Wakubwa wa huko walipenda opera za Kiitalia, na waliona kwamba lugha ya Kijerumani haifai kuimbwa mbele ya mfalme. Ilifaa kwa wakulima na watumishi tu. Weber aliona kwamba watu wanaodharau lugha yao wenyewe na hadithi zao wenyewe ni kama mtu aliye na kisima uani kwake, naye huenda kuomba maji kwa jirani. Alitaka kuonyesha kwamba kisima cha nyumbani kina maji.

Tarehe 4 Novemba 1817 alimwoa Caroline. Mwaka wa pili wakapata mtoto wa kike, lakini alikufa akiwa bado mchanga, wakati wazazi wote wawili walipokuwa wagonjwa. Katika mwaka huo wa huzuni, 1819, Weber alitunga wimbo wa piano uitwao Mwaliko wa Kucheza, akautoa kama zawadi kwa mkewe. Wimbo huo hupigwa hata leo katika nchi nyingi.

4. Hadithi ya mwindaji

Sasa tuitazame hadithi yenyewe. Katika mwaka wa kufukuzwa kwake Stuttgart, Weber na rafiki yake mmoja walikuwa wamesoma kitabu kipya cha hadithi za mizimu, na ndani yake walikuta habari ya kale ya mwindaji aliyetumia risasi za shetani. Walikesha wakifikiri namna ya kuifanya opera, lakini wakati haukuwa umefika. Alipofika Dresden alimpata mwandishi, Friedrich Kind, naye Kind aliyaandika maneno ya mchezo kwa siku chache. Opera hiyo huitwa Der Freischütz, maana yake ni mwindaji mwenye risasi za uchawi.

Habari yake ni hii. Katika nchi ya Bohemia palikuwa na kijana mwindaji, jina lake Max. Alimpenda Agathe, binti wa mkuu wa wawindaji. Lakini ilikuwa desturi kwamba atakayemwoa binti huyo na kurithi kazi ya baba yake lazima apige shabaha moja mbele ya mtawala wa nchi. Max alikuwa hodari, lakini kwa majuma mengi bunduki yake ilikuwa haipati kitu. Hata mkulima tu alimshinda katika mashindano, na watu wakamcheka.

Mwenzake Kaspar alikuwa amejiuza kwa Samiel, pepo mweusi wa msituni, na siku zake za kuchukuliwa zilikuwa zimekaribia. Alitaka kumtoa mtu mwingine badala yake. Akampa Max bunduki yake, akamwambia apige juu. Na tai mkubwa, aliyekuwa mbali mno hata hakuna risasi ya kawaida ingemfikia, akaanguka miguuni pake. Kaspar akamweleza kwamba risasi kama hizo hutengenezwa usiku wa manane katika Bonde la Mbwa-mwitu. Risasi ni saba. Sita hupiga kila anachokitaka mpigaji, lakini ya saba huenda anakotaka shetani. Neno la risasi ya saba Kaspar hakumwambia.

Wazee wa kwetu waliotumia magobole wanaijua kazi ya kuyeyusha risasi na kuitia katika kalibu. Basi ndivyo walivyofanya Kaspar na Max bondeni usiku. Kila risasi ilipotoka Kaspar aliihesabu, na mwangwi ukairudia hesabu, na kila mara kitisho kikazidi: ndege wa usiku, nguruwe mwitu, dhoruba, magurudumu ya moto, sauti za wawindaji waliokufa, na katika risasi ya saba akatokea Samiel mwenyewe.

Kesho yake, siku ya shabaha, Max alikuwa amebaki na risasi moja tu, nayo ilikuwa ya saba. Mtawala akamwonyesha hua mweupe juu ya mti. Wakati uleule Agathe akatokea, akipiga kelele asipige. Bunduki ikalia, na Agathe na Kaspar wote wawili wakaanguka. Lakini Agathe alikuwa amezimia tu. Alikuwa amevaa taji ya maua meupe aliyopewa na mtawa mmoja mcha Mungu akaaye porini, na maua hayo yalimkinga. Risasi ilikuwa imempata Kaspar. Max akakiri yote. Mtawala alitaka kumfukuza nchini, lakini mtawa akamwombea. Akasema kwamba si haki kuweka maisha ya watu wawili juu ya risasi moja. Basi desturi ile ikafutwa, na Max akapewa mwaka mmoja wa kuonyesha mwenendo mwema, ndipo aoe.

Katika hadithi ya zamani mwisho haukuwa hivyo: risasi ya saba ilimwua bibi arusi, na mwindaji akaingiwa na wazimu. Weber na Kind waliubadili. Tukumbuke kwamba Weber mwenyewe aliwahi kukosa, na aliwahi kufukuzwa nchini, naye alipata nafasi ya kutengeneza maisha yake. Pia Caroline, aliyeijua kazi ya kucheza mbele ya watu, alimshauri aondoe maneno marefu ya mtawa yaliyokuwa mwanzoni, ili mchezo uanze kwa watu wengi na milio ya bunduki. Mwandishi alichukizwa, lakini Weber alimsikiliza mkewe, na mchezo ukawa bora.

5. Usiku wa Berlin

Weber alianza kuandika nyimbo za opera hiyo mwezi wa Julai mwaka 1817, akazimaliza mwezi wa Mei mwaka 1820. Kazi za mfalme zilimkatiza mara nyingi, na kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua. Kila jambo la hadithi alilipa sauti yake. Wawindaji na msitu aliwapa baragumu. Samiel hakumpa wimbo wowote. Kila anapokaribia, mazeze hutetemeka chini chini, zumari kubwa za Kizungu huvuta sauti nzito, na ngoma hupigwa taratibu kama moyo wa mtu mwenye hofu. Msikilizaji humjua pepo kabla ya kumwona.

Opera ilichezwa mara ya kwanza Berlin, katika nyumba mpya ya michezo, tarehe 18 Juni 1821. Mwezi mmoja tu kabla ya siku hiyo, Spontini, Mwitalia aliyekuwa msimamizi mkuu wa muziki wa mfalme huko, alikuwa ameonyesha opera yake kwa mapambo makubwa na gharama nyingi. Rafiki za Weber waliogopa kwamba wawindaji na wakulima wake wataonekana duni. Yeye mwenyewe alikuwa ametulia, hata asubuhi ya siku ileile alikuwa nyumbani akimaliza wimbo mwingine wa piano.

Usiku ulipofika nyumba ilijaa: wanafunzi, mafundi, waandishi, askari. Weber aliingia akichechemea, akainua mkono. Muziki wa kufungulia mchezo ulipokwisha, watu walipiga makofi na kelele mpaka ukarudiwa tena. Wimbo wa wasichana wanaomletea bibi arusi taji nao ulirudiwa. Katika nyimbo 17 za opera, 14 zilipigiwa makofi makubwa. Katika majuma yaliyofuata watu wa Berlin waliimba nyimbo hizo jikoni, njiani na kazini. Baada ya muda mfupi opera ikaenea katika miji ya Ujerumani, na mwaka 1824 ikachezwa London katika nyumba kadhaa za michezo kwa wakati mmoja. Lugha iliyodharauliwa na hadithi ya wawindaji zilikuwa zimeingia mahali pa heshima.

6. Safari ya mwisho

Opera iliyofuata, Euryanthe, ilichezwa Vienna mwaka 1823. Nyimbo zake zilikuwa nzuri, lakini hadithi yake ilikuwa imeandikwa vibaya, na watu hawakuipenda kama ile ya kwanza. Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kimemshika sana. Alikuwa na watoto wawili wa kiume: Max Maria, aliyezaliwa mwaka 1822, na Alexander, aliyezaliwa mwaka 1825.

Mwenye nyumba ya michezo ya Covent Garden, London, alimwita aende akatunge opera kwa Kiingereza na kuiongoza mwenyewe. Weber akamwuliza daktari wake. Daktari akamweleza wazi kwamba akiacha kazi na kwenda kukaa mahali pa joto, labda ataishi miaka michache. Akienda Uingereza, ataishi miezi au majuma tu. Weber akafikiri. Aliona kwamba akikaa atakufa vilevile, tena atawaacha mke na watoto bila kitu. Lakini akienda ataweza kuwaachia fedha. Akakata shauri la kwenda. Alikuwa amekwisha jifunza Kiingereza kwa bidii, masomo zaidi ya 150, ili ayaelewe maneno atakayoyatungia nyimbo.

Mwezi wa Februari mwaka 1826 aliagana na jamaa yake. Caroline aliposikia mlango wa gari ukifungwa, alihisi kwamba amesikia jeneza likifungwa. Opera mpya, jina lake Oberon, ilichezwa London tarehe 12 Aprili, na watu wakamsimamia kwa heshima kubwa. Weber aliiongoza mara 12. Usiku alikohoa, mikono yake ilitetemeka, miguu ilivimba, lakini barua alizompelekea mkewe zilikuwa za furaha na mzaha. Mwezi wa Mei alifanya siku ya nyimbo ambayo mapato yake yalikuwa yawe yake mwenyewe, lakini wakubwa wa mji walikuwa na shughuli nyingine, na waliohudhuria walikuwa wachache. Tangu siku hiyo alitamani jambo moja tu, kurudi nyumbani awaone watu wake tena. Safari ilipangwa iwe tarehe 6 Juni. Asubuhi ya tarehe 5 Juni rafiki zake waligonga mlango wa chumba, hakuitika. Walipouvunja wakamkuta amekufa usingizini. Alikuwa na umri wa miaka 39.

7. Kurudi nyumbani

Alizikwa London, mbali na jamaa yake, na huko akakaa miaka 18. Lakini katika Dresden palikuwa na kijana ambaye alipokuwa mtoto alikuwa akimtazama Weber akipita njiani akichechemea, akamstahi kuliko wafalme. Jina lake lilikuwa Richard Wagner. Alipokuwa mtu mzima alipewa kazi ya kusimamia muziki wa mfalme hukohuko Dresden, naye pia akatunga opera kutoka hadithi za kale za watu wake, kama ile ya nahodha aliyelaaniwa kuzunguka baharini daima. Wagner na wenzake walikusanya fedha, na mwaka 1844 mwili wa Weber ukaletwa kwa meli mpaka Ujerumani, kisha mwezi wa Desemba ukafika Dresden usiku, ukipokewa kwa mienge na muziki. Mwanawe Alexander alikuwa amekufa katika mwaka huohuo, akiwa kijana wa miaka 19. Basi baba na mwana waliolazimika kuachana wakati mtoto alipokuwa mchanga walilazwa mahali pamoja, na mama alikuwapo kuyaona hayo. Mwana mkubwa, Max Maria, akawa fundi mkuu wa reli, akaandika kitabu cha maisha ya baba yake.

Miaka mia ikapita na zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, mwezi wa Agosti mwaka 1944, nyumba ya opera ya Dresden ilifungwa, na opera ya mwisho kuchezwa humo ilikuwa ile ya mwindaji na risasi saba. Tarehe 13 Februari 1945 mabomu yaliteketeza mji, na nyumba hiyo ikaungua. Watu waliijenga upya kwa kazi ya miaka mingi, na walipoifungua tarehe 13 Februari 1985, miaka 40 kamili baadaye, walichagua kuanza na opera ileile. Hadithi iliyosimuliwa kwanza na wawindaji wasiojulikana majina, penye moto wa jioni, ndiyo waliyoitaka waisikie katika siku hiyo kuu.

Basi mtoto wa shule anapokaa penye shikome, asidhani kwamba wakati wake unapotea. Mzee anayesimulia hana karatasi wala kinanda, lakini huenda anachokisema kinamngojea mtu wa kukiandika. Weber hakuiumba hadithi ya risasi saba. Aliisoma, akaiheshimu, akaifanyia kazi kwa miaka mitatu, mguu wake ukiwa mbovu na kifua chake kikiuma.